Vidole Vilikuwa Vingapi

Fresno, California
9 Februari 1964

Mpendwa Mjomba Ondrej,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba baridi ya Kettle Run haijakugandisha. Sisi tupo. Mume wangu Harlan bado yuko kwenye kiwanda cha zabibu kavu, zamu ya asubuhi, mimi bado napika kwenye jiko la shule. Mlimau uliokuwa umekauka umetoa majani, sijui kwa nini.

Baba hajambo, ingawa hajambo siyo neno lenyewe. Mapafu yake ni makaa matupu. Sasa analala amekaa, na chupa ya hewa iko pembeni yake kama mke wa pili. Daktari alinivuta kando akasema tusihesabu kwamba ataona mavuno ya zabibu mwaka huu. Mavuno huanza Agosti.

Nakuandikia kwa sababu yake. Juzi nilikuwa namnyoa ndevu, akanishika mkono wenye wembe akasema, "Mwandikie Ondrej. Muulize swali moja tu. Vidole vilikuwa vingapi?" Nikamwuliza vidole gani. Akasema, "Yeye anajua."

Mimi najua kidogo tu. Najua baba alirusha mpira kwenye Ligi Kuu ya besiboli siku moja, wewe ukiwa mdakaji wake. Najua kwamba tangu siku ile mlisalimiana kanisani na kwenye mazishi, basi. Mama alikuwa dada yako na mke wake, akafa bila kunieleza. Tafadhali jibu. Swali ni fupi.

Mpwa wako,
Vilma


Kettle Run, Pennsylvania
3 Machi 1964

Vilma, mtoto wa dada yangu,

Milele amina. Barua imefika na imenikuta nipo, wanaosubiri nife wakae kwenye foleni. Theluji ya mwaka huu ni matusi. Padri aliomba watu wa kusafisha ngazi za kanisa, wakaja vijana wa miaka arobaini wakashika viuno. Mimi na miaka yangu sitini na saba nikazimaliza zote mpaka mlangoni. Uliza mtu yeyote. Kuku wawili wamekufa kwa baridi. Jirani yangu mjane aliniletea supu ya kabichi isiyo na chumvi, nikaila kwa heshima.

Usicheke mwandiko. Shule niliiacha darasa la nne nikaenda kuchambua mawe kwenye makaa, na mkono huu wa kulia una vidole vitatu tu vinavyosikia amri.

Sasa hilo swali. Wewe hujui besiboli, ngoja nikufundishe, na umebahatika kufundishwa na mtu wa Ligi Kuu. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji. Mrushaji yuko mbele, hatua ishirini hivi. Watu wanadhani mrushaji ndiye bwana. Uongo. Mrushaji ni mkono tu, kichwa ni mdakaji. Mdakaji anaficha kiganja katikati ya mapaja, anashusha vidole. Kimoja, leta mpira wa kasi ulionyooka. Viwili, leta wa kupinda, ule unaoangukia miguuni. Mrushaji akileta ambao hukuuomba, wewe glavu umeiweka chini na mpira unapita juu kama treni isiyosimama stesheni yako.

Agosti 1929 tulikuwa ugenini, awamu ya tisa, ya mwisho, tuko sare. Kocha akamwingiza Emil, baba yako, siku yake ya kwanza. Ni mimi niliyemsemea mpaka wakamchukua, hilo lazima ulijue. Mpigaji wa kwanza aligonga akafika besi ya tatu, kituo cha mwisho kabla ya nyumbani. Wa pili tukamtoa. Wa tatu alikuwa jitu lenye shingo ya fahali, linakula mipira ya kasi kama mkate. Nikaomba wa kupinda. Emil akaleta wa kasi. Mpira ukapita, yule wa besi ya tatu akakimbia nyumbani, pale nilipochuchumaa, akapata pointi, mchezo ukaisha. Kesho yake Emil akapewa tiketi ya treni. Mrushaji asiyeweza kusoma ishara hatakiwi hata na timu ya zima moto.

Mimi nilibaki. Michezo kumi na moja nimedaka Ligi Kuu! Mji huu una watu elfu tatu na hakuna mwingine aliyewahi kukanyaga hata choo cha uwanja ule. Mpaka leo klabuni wananinunulia bia ili niwasimulie. "Ondrej, tupe ile ya Kipofu!" Nawapa, Kipofu ndiye Emil. Si kwa ubaya.

Basi mwambie Emil: viwili. Nilimwambia kocha viwili siku ile, nasema viwili leo. Swali limekwisha.

Mjomba wako,
Ondrej Hrubik, mdakaji


Fresno
20 Machi 1964

Mpendwa Mjomba,

Tumsifu Yesu Kristo. Pole kwa kuku. Harlan anasalimu. Joto limeshaanza na chupa ya hewa inavuja kwenye shingo, tumeifunga na kitambaa.

Nilimsomea baba barua yako, ile sehemu ya klabu nikairuka. Akasema, "Basi ni macho yangu."

Mjomba, sikujua. Nilikuwa nafikiri ni tabia yake tu. Hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Nikiwa msichana, kila tukifika kwenye taa za barabarani alikuwa ananiuliza, "Rangi gani, Vilma?" na rangi alikuwa anaiona. Barua alikuwa anampa mama asome mara ya pili. Na mwaka 1938, unaukumbuka wewe, mgodini walimpa kazi ya kupita na taa asubuhi kusoma mwali wa taa kama unaonyesha gesi. Kazi safi, nje ya vumbi. Mama alipika keki. Baba akaikataa. Alisema watu sabini hawawezi kushuka chini kwa macho yake. Akarudi kwenye vumbi miaka kumi na sita mingine.

Jana daktari wa macho alikuwa kwenye kliniki anakotibiwa baba, nikamwomba ampime. Akasema kwa umri wake baba ana macho ya mwewe. Baba akamjibu, "Wewe hukuwepo."

Nakuuliza tena, na sikuulizi kwa ukorofi. Una hakika?

Vilma


Kettle Run
2 Mei 1964

Vilma,

Milele amina. Nimechelewa. Ilikuwa Kwaresima, na mimi ndiye ninayeponda viazi vya kujaza maandazi ya pirohi kwenye jiko la kanisa kila Ijumaa, wanawake wenyewe wanakiri hakuna mkono kama wangu. Kisha Pasaka. Kisha kidole kiliuma siku kumi na mbili mfululizo kwa unyevu. Paa linavuja. Kuku waliobaki hawatagi.

Sasa sikiliza. Mimi ndiye niliyechimba mgodi? Mimi nilimjaza vumbi? Mtu mzima akikataa kazi nzuri, alaumiwe shemeji yake? Mimi mwenyewe sikula asali. Baada ya siku kumi na tisa daktari wa timu aliniona mkono, wakanirudisha ligi za chini, nikadaka miaka minane kwenye viwanja vyenye mavi ya ng'ombe, nikalala kwenye mabasi, magoti yakaisha. Umewahi kuchuchumaa mara mia na hamsini kwa siku moja juani umevaa chuma usoni? Nani ananiandikia mimi barua kuniuliza habari ya magoti?

Nilishusha viwili. Mungu aliona viwili.

Jumamosi klabuni wameniomba ile ya Emil. Nikasema koo linauma. Juraj Belan, yule aliyechimba na baba yako bega kwa bega, akasema, "Koo la Ondrej? Hata kaburini litakuwa linasimulia!" Wakacheka. Nikarudi nyumbani bia ikiwa nusu.

Usiniulize tena. Nimechoka.

Ondrej


Fresno
17 Mei 1964

Mjomba,

Sisi tupo. Baba sasa hali kitu ila mkate uliolowekwa kwenye maziwa.

Hakuuliza nani mwenye kosa. Hakuuliza habari ya magoti. Ameuliza idadi. Umeandika kurasa tano na kila moja ni kama mtu anayetembea kuzunguka shimo.

Nimeacha kumsomea. Lakini kila mara mtu wa posta akipita, baba ananitazama mikononi.

Vilma


Kettle Run
6 Juni 1964

Vilma,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo naanza mimi kwa sababu wewe barua ya mwisho hukusalimia, na sikulaumu. Mvua imeacha. Mjane wa jirani ameanguka kwenye ngazi, hakuvunjika. Mimi sijambo. Habari nyingine sina, nilizitafuta nyingine tangu asubuhi ili nisifike hapa.

Kile kidole nilikivunja siku ile ile. Hakuna anayejua. Wote wanadhani ni baadaye. Awamu ya nane mpira ulikwaruza gongo la mpigaji ukanipiga mkono wa kulia, ule usio na glavu, kidole cha kati. Nilisikia kikilia kama kijiti. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, Vilma. Miaka kumi na mitatu nilikuwa nimeisubiri Ligi Kuu kama watu wengine wanavyosubiri pepo, na ule ulikuwa mchezo wangu wa nne tu. Mdakaji mwingine alikuwa kwenye benchi, kijana, ana meno yote. Wakijua kidole kimevunjika, naondoka na treni ya jioni.

Nikaenda chooni. Nikakifunga na kile cha jirani yake, viwili pamoja kwa plasta nyeusi, nikakaza kwa meno. Nikarudi nikachuchumaa. Mkono ule naficha mapajani, halafu nyuma ya mgongo, nani ataona? Nikasema nitaomba mipira ya kasi tu mpaka mwisho. Wapigaji wawili wa kwanza wa Emil nikaomba ya kasi, ikaja ya kasi. Akaja yule fahali, na fahali yule huwezi kumpa wa kasi, hata mtoto anajua. Nikashusha viwili. Vimefungwa. Sasa wewe simama hatua ishirini, jua liko nyuma ya paa, mapajani ni giza, uone vidole viwili vyeusi vilivyobanwa pamoja.

Ningeweza kusimama. Mdakaji ana haki ya kuomba muda akaenda kumnong'oneza mrushaji wake. Ni hatua ishirini. Nilizifikiria zile hatua. Lakini kocha angeuliza tulikuwa tunanong'ona nini, na Emil hajui kudanganya, hajawahi kujua.

Mpira ulipopita niliukimbilia ukutani. Nimempa mgongo kila mtu. Pale pale nikaing'oa plasta kwa meno, nikaitia mdomoni nikaitafuna kama tumbaku. Kocha alikuja anapiga kelele, mimi natafuna. "Ulishusha vingapi?" Nikasema viwili. Emil alikuwa amesimama hapo. Nilitegemea aseme, "Kocha, huyu ni mwongo." Alinitazama, akaniamini, akasugua macho. Mimi natafuna.

Nikapata michezo saba zaidi kwa plasta ile. Jina la Kipofu walimpa wachezaji wenzetu kwenye treni, lakini aliyelileta Kettle Run ni mimi. Kwa sababu klabuni walikuwa wananiuliza kwa nini yeye alirudishwa mapema na mimi nikabaki kule, na nilihitaji kitu cha kuchekesha. Ile keki ya dada yangu ya mwaka 1938, nilikula kipande. Nilijua kwa nini anaikataa ile kazi. Nilikula nikafuta mdomo.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo kimekosea nyumba, kimeenda kwake.

Maneno mimi si fundi. Nimeweka mkono wangu kwenye karatasi nyingine nikauzungushia penseli. Kile kilichopinda ndicho. Mpe Emil aone.

Ondrej


Fresno
15 Juni 1964

Mpendwa Mjomba,

Milele amina. Baba yupo. Naandika hilo kwanza.

Nilimsomea barua yote, neno kwa neno, na ile ya klabu pia. Nilipofika pale pa plasta alicheka. Mjomba, alicheka mpaka uso ukawa wa bluu na Harlan akaja mbio na chupa ya hewa. "Mshenzi yule! Aliitafuna! Nilidhani ni tumbaku, nikasema huyu ana roho gani anatafuna tumbaku sasa hivi!" Halafu akaacha kucheka, na siku nzima maziwa hakunywa. Mchoro wako aliuweka kifuani umegeuzwa chini.

Asubuhi akataka atolewe barazani. Tukamkalisha. Akaanza kusoma namba za magari yaliyosimama ng'ambo ya barabara, kwa sauti, moja moja. Akamtuma Harlan avuke akahakikishe. Harlan, mtu mzima mwenye kilo mia, akawa anakwenda gari hadi gari anapaza sauti, "Sawa! Sawa! Sawa, mzee!" Jirani mmoja alitoka kuuliza kama sisi ni polisi. Magari kumi na moja. Hakukosea hata moja. Baba akajifuta uso kwa blanketi akasema, "Miaka thelathini na tano naulizia rangi ya taa."

Kisha akaniambia niandike haya kama anavyoyasema. Kwanza, hajakusamehe. Kusamehe kunataka muda, na muda hana, kwa hiyo usikae unasubiri. Pili, uende klabuni ukaseme, kama ulivyoandika, na plasta usiiache. Tatu, anasema, "Karatasi yote hiyo na bado ameandika viwili. Mwambie hajajibu swali langu."

Fanya haraka, Mjomba.

Vilma


Kettle Run
22 Juni 1964

Emil,

Safari hii nakuandikia wewe. Vilma akusomee, au usome mwenyewe, macho unayo.

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa ni joto. Kuku mmoja ametaga. Kwenye bustani ya nyumba yako ya zamani wamepanda maharage, yamekubali.

Barua imefika leo Jumatatu saa nne, na klabu inafunguliwa saa sita. Nimekwenda nimevaa koti la kanisani. Wakasema, "Ondrej, nani amekufa?" Nikasema nina hadithi. Wakanisogezea bia. Nimesimulia yote, kidole, choo, plasta, ukuta. Nilipomaliza, yule mwenye duka la viatu akasema, "Hii siyo. Ile ya zamani ni nzuri zaidi, rudia ile." Mwingine akasema, "Mzee kila mwaka anaongeza, safari hii amekula plasta!" Wakacheka. Unaona? Miaka thelathini na tano wameamini uongo, nimewaletea ukweli wananiambia najisifu.

Nikaweka mkono mezani. Nikavibana vile viwili pamoja kwa kamba ya kiatu, nikamwambia Juraj Belan nenda ukasimame kule mlangoni, hatua ishirini. Akaenda anacheka. Nikachuchumaa, Emil. Magoti haya. Nikaficha mkono mapajani, nikashusha. Nikamwuliza, "Juraj, unaona vingapi?"

Akajibu. Halafu akaacha kucheka. Akavua kofia. Akasema, "Miaka ishirini nimemwita Kipofu chini kule, na yeye alikuwa ananishikia taa." Akatoka bila kuaga. Bia yake imebaki pale. Wengine wakatazama chini. Kuinuka sikuweza, wakaniinua wawili wakanikalisha karibu na mlango, na hakuna aliyeniuliza kitu tena. Nadhani hawataniuliza tena.

Sasa niko nyumbani, mtu wa posta anapita saa kumi, nataka aondoke na hii. Kama hutaki kusamehe usisamehe, mimi pia nisingesamehe, na mimi ni mtu mwema kuliko wengi.

Swali lako nalijibu kama Juraj alivyolijibu, kama ulivyoliona wewe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kilikuwa kimoja.

Ondrej